Nani awafundishe? Biolojia, mimbari, kungwi, wageni wa asasi au mwalimu wa malezi

Karatasi ilikuwa imekunjwa hadi ikawa ndogo kama hirizi. Niliikuta Ijumaa jioni ndani ya sanduku letu la maswali, ambalo kusema kweli ni boksi la biskuti lililobandikwa gazeti na kutobolewa juu. Mwenye nayo alikuwa ameupinda mwandiko makusudi asijulikane. Ameandika: "Eti mara ya kwanza mimba inaingia?"

Swali lenyewe halikunishtua. Kilichonikata maini ni lilikotoka. Sanduku lilikuwa limewekwa kidato cha tatu, na kidato hicho nilikuwa nimekimalizia sura ya uzazi majuma mawili tu nyuma. Mimi ndiye mwalimu wao wa Biolojia. Walichora mfuko wa uzazi, mirija na ovari, wakaweka majina kila moja mahali pake, jaribio wakafaulu. Na bado humo darasani kuna mtu hajui kama mara ya kwanza mimba inaingia.

Inaingia. Naliweka jibu hapahapa juu, asije kijana akapita akaondoka mikono mitupu. Inaingia mara ya kwanza, inaingia mkiwa mmesimama, inaingia hata ukiruka kamba au kuoga maji ya moto baadaye. Inaweza kuingia hata kwa msichana ambaye hajavunja ungo, kwa sababu yai hutangulia na damu hufuata.

Siku hizo bodi ya shule yetu, shule ya kata ya kutwa mkoani Lindi, ilikuwa inavutana juu ya nani aachiwe kazi hii. Mkuu wa shule alisema Biolojia inatosha. Mzee mmoja alitaka waitwe masheikh na mapadri. Mama mmoja akasema mambo yaliharibika tulipowaweka kando makungwi. Mwingine alikuwa na namba ya asasi inayozunguka mashuleni na fulana zake. Nami nikatumwa nilinganishe. Nikaichukua ile karatasi, nikaenda nayo kwa kila mmoja wao.

Kwanza jina, maana jina liliwahi kutuponza. Barua ya kwanza kwa wazazi iliandikwa "elimu ya ngono", na kesho yake baba mmoja alifika ofisini na barua mkononi akiitikisa kama hati ya mahakama. Tangu Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu za maadili, wakuu wa shule wanatetemeka wakisikia neno hilo, na siwalaumu. Lakini majina mengine nayo yana kasoro zake. "Afya ya uzazi" mzazi anasikia uzazi wa mpango. "Stadi za maisha" ni pana mno, hata kupanga bajeti imo. Sisi tuliishia na "makuzi na kujilinda", tukaambatanisha orodha ya mada zote, moja baada ya nyingine, mzazi azione kabla ya kusaini. Kilichowatuliza wazazi ni ile orodha. Jina wangelizoea lolote.

Biolojia

Hapa najisema mwenyewe. Faida ya Biolojia ni kwamba ipo tayari: haina posho, haihitaji kibali, na kilichomo ni sahihi. Wavulana na wasichana wanakaa pamoja wakisikia kitu kimoja.

Ila inachelewa, na inakuja kwa Kiingereza. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, amefika sekondari anahangaika na lugha, halafu mwili wake mwenyewe anaelezewa kwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia nyumbani wala sokoni. Anayakariri kama anavyokariri sehemu za panzi. Nilipomuuliza mwanafunzi wangu mmoja bora kabisa anieleze kwa Kiswahili yai linatoka lini, aliinamisha kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Madamu, kwa Kiswahili ni matusi."

Basi jibu la Biolojia kwa ile karatasi lipo kitabuni, mwenye kujua kulitafuta atalipata. Mtihani hauulizi mara ya kwanza wala mara ya pili, unauliza mchoro. Tena sura yenyewe inakuja kidato cha tatu, msichana ana miaka 16 au 17. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba. Kwa wengi wao sura ya uzazi ilikuja wakati wenyewe wameshaondoka darasani.

Ukiamua kubaki na Biolojia peke yake, basi angalau fanya jambo moja ambalo halina gharama: sura hiyo irudiwe kwa Kiswahili, kipindi kimoja, daftari zimefungwa.

Mimbari

Nilikwenda kwa ustadhi anayetufundishia kipindi cha dini. Akaisoma karatasi, akainua macho. "Mwalimu, anayeuliza hivi huyo ameshaanza." Mwinjilisti wa upande wa pili naye alisema karibu hayohayo, akaongeza kwamba atamwombea. Wote wawili walitaka kumjua aliyeandika. Hapo ndipo penye udhaifu wao mkubwa: swali wanalichukua kama ungamo. Mtoto akishaona kwamba kuuliza ni kujishtaki, haulizi tena.

Lakini nisiwapunje. Kuna swali jingine lilikuwa ndani ya boksi, la mvulana: "Naamka nakuta shuka limelowa na sio mkojo, je ni ugonjwa?" Hili kila mtu niliyempelekea alijikohoza kwanza, isipokuwa ustadhi. Yeye alilijibu palepale kama anayetaja nyakati za sala: hiyo ni dalili ya kubalehe, si ugonjwa wala si dhambi, ni kuoga janaba na kuendelea na maisha. Mtoto aliyepita chuoni anajua hedhi, janaba na tohara kabla ya mwenzake aliyesoma shule tu, kwa sababu kitabu cha fikihi hakimungunyi maneno. Watu wanaodhani dini haizungumzi mambo haya hawajawahi kukaa madrasa.

Ujumbe wa "subiri hadi ndoa" sina ugomvi nao. Kijana anayesubiri amejiepushia mengi, na wapo wanaotaka kusubiri ila wanatafuta mtu mzima wa kuwaunga mkono wasichekwe na wenzao. Shida ni kwamba ujumbe huo hautaji umri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba, ila vichwani mwa watu umri huo bado unaishi. Ukimwambia binti asubiri ndoa, na ndoa yenyewe inamsubiri nyumbani na mahari imeshatajwa, utakuwa umemwambia nini?

Viongozi wa dini nawapa alama nyingi kwa wavulana, kwa heshima na kwa kumtia mtoto moyo wa kukataa. Kwa maswali ya "nimeshafanya, sasa nifanyeje", alama zao ni chache mno.

Kungwi

Mimi mwenyewe nilichezwa, kwa hiyo nilimwendea bibi yule nikiwa nusu mwalimu, nusu mwali. Alikuwa uani anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikamsomea karatasi, maana macho yake yamechoka. Hakuuliza nani kaandika. Akacheka kidogo, akasema, "Inaingia, mwanangu. Mjomba wako yule wa Nachingwea aliingia hivyohivyo, mara moja tu." Halafu akaendelea na mchicha wake.

Kati ya watu watano, hilo lilikuwa jibu fupi na sahihi kuliko yote. Tena lilikuwa na ushahidi.

Unyago una vitu ambavyo shule haijawahi kuvipata. Kwanza ni siri inayotunzwa kweli. Pili, somo wa mwali, yaani mwanamke anayemfunda, habadiliki kila muhula kama walimu wanavyohamishwa. Ni mtu wako wa maisha, ukikwama saa mbili usiku unajua mlango wa kugonga. Tatu ni kufundisha kwa mikono: nilionyeshwa jinsi ya kukunja kitambaa, kukifua, kukianika juani, na kuhesabu siku kwa mwezi wa angani. Nne ni nyimbo, ambazo hazisahauliki. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini Unguja wengi walimjua pia kama mwalimu wa unyago, na ngoma ndiyo iliyokuwa ubao wake.

Sasa upande wa pili. Zamani mwali alikuwa aliyevunja ungo. Siku hizi, kwa kuwa ngoma hupangwa likizo ya Desemba na wazazi wanataka kumaliza gharama kwa mpigo mmoja, watoto wa miaka minane au tisa wanaingizwa kundini pamoja na dada zao. Wanafundishwa hedhi ambayo bado, na wanafundishwa mume ambaye hawamhitaji. Mtoto anatoka akiambiwa amekuwa mkubwa, na yeye anaamini. Nimemfundisha mtoto aliyenijibu kwa ujeuri nilipomkemea kwa kutembea na dereva wa bodaboda: "Madamu, mimi nimeshatolewa." Somo lililokuwa la kumwandaa mwanamwali kwa ndoa iliyo mlangoni, ukimpa mtoto wa darasa la tatu, linafungua mlango uliopaswa kubaki umefungwa.

Kuna na wale wanaobaki nje. Mtoto wa mwalimu aliyehamia kutoka Kagera, au binti wa polisi aliyetoka Mara, haingii unyagoni kwetu. Wavulana nao jando lao limehamia hospitali: wanatahiriwa wakiwa wachanga, na yale mafunzo ya porini yakafa bila mazishi. Kilichobaki ni kisu tu. Nadhani hili halijasemwa vya kutosha. Tunalalamika kwamba vijana wa kiume hawana adabu, na hakuna mtu mzima aliyekaa nao hata siku moja kuwaambia mwili wao unaelekea wapi.

Wageni wa asasi, na nesi

Walikuja na gari, fulana, spika kubwa na projekta. Umeme ukakatika. Wanafunzi zaidi ya mia nne walikusanywa chini ya mwembe, kijana mwenye kipaza sauti akajitahidi, kondomu ikavishwa kwenye kipande cha mti, kelele zikafika barabarani. Picha zikapigwa, karatasi ya mahudhurio ikasainiwa, mchana wakaondoka. Jumatatu yake nilikuwa na wazazi sita mlangoni.

Huyo mwezeshaji nilimwonyesha karatasi kabla hajapanda gari. Alijibu vizuri sana, kwa Kiswahili safi, bila kumhukumu mtu, akataja na kwamba ndani ya siku tatu za mwanzo kuna vidonge vya dharura na kwamba aliyebakwa akimbilie hospitali mapema, maana dawa za kuzuia VVU nazo zina mwisho wa saa 72. Katika hao watano hakuna mwingine aliyenipa hilo. Ila alilisema kwangu, mlangoni mwa gari. Chini ya mwembe hakuna aliyethubutu kumuuliza, na mtoto anayeuliza mbele ya wenzake mia nne simjui.

Nesi wa zahanati ni mgeni wa aina nyingine, na mimi namweka juu ya hao wa fulana. Anatugharimu nauli ya bodaboda na soda. Anawajua watoto kwa sura, na kesho yupo palepale. Kasoro ni moja na ni nzito: nesi mpole darasani anaweza kuwa mkali dirishani. Binti akienda zahanati amevaa sare, foleni nzima inamtazama, na akisikia "Wewe mtoto umefuata nini hapa?" harudi. Tulikubaliana na wetu siku na saa ambayo wanafunzi wanapitia mlango wa nyuma. Jambo dogo, lakini bila hilo mafunzo yake yote darasani yangekuwa maneno matupu.

Mwalimu wa malezi

Huyu ndiye anayepaswa kuwepo kila shule, na mara nyingi yupo kwenye karatasi tu. Kipindi chake kwenye ratiba ndicho kinachomegwa kwanza mtihani ukikaribia. Kuna shule zinazoamini kwamba kupima wasichana mimba kila wanapofungua shule ndiyo malezi yenyewe. Kipimo kinakuambia lililokwisha kutokea, hakimfundishi mtu kitu, isipokuwa kumkwepa matroni.

Akipewa nafasi, mwalimu wa malezi ana vitu viwili ambavyo wengine hawana: muda na mfululizo. Mada ya leo inaweza kusubiri swali la wiki ijayo. Sisi tunatenga wavulana na wasichana vipindi vitatu vya kwanza, halafu tunawaunganisha, maana mwishowe ni wao kwa wao watakaosemezana. Nilishangaa mara ya kwanza kuona wavulana wanasikiliza habari za hedhi kimya kabisa, mmoja akauliza kama inauma. Tangu siku hiyo, msichana akifunga sweta kiunoni hakuna anayecheka. Kabatini tunaweka pedi za dharura, na bei yake haijawa rahisi: kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa mwaka 2018, ikarudishwa mwaka uliofuata.

Hatari zake nazo nizitaje. Mwalimu wa malezi hawezi kuwa yuleyule mwalimu wa nidhamu. Mkono ulioshika fimbo asubuhi hauwezi kupokea siri mchana. Pia hawezi kuwa mwalimu yeyote aliyebaki bila kipindi. Wapo walimu wa kiume, tusidanganyane, ambao hupaswi kuwapa chumba chenye mlango wa kufunga na binti wa miaka 15. Kwetu ushauri hutolewa chumba kiwe wazi, na wahusika ni wawili, wa kike na wa kiume.

Ile karatasi niliijibu mimi, Jumatatu, mbele ya darasa zima bila kutafuta mwenyewe. Nilisoma swali, nikajibu kwa dakika mbili, nikaendelea na mengine. Hakuna aliyecheka. Ijumaa iliyofuata boksi lilijaa.

Ushahidi uko upande gani

Kuna utafiti mmoja ambao kila bodi ingepaswa kuujua. Mwaka 2003, magharibi mwa Kenya, katika wilaya za Butere-Mumias na Bungoma, shule za msingi 328 ziliingizwa kwenye jaribio. Nusu ya shule, walimu walipewa mafunzo ya mtaala wa serikali wa UKIMWI, ambao msisitizo wake ulikuwa kuacha ngono hadi ndoa. Mwaka uliofuata, shule 71 zikapata kitu kingine kidogo sana: mtu wa nje alikuja dakika 40, akaonyesha filamu fupi, kisha akawaandikia wanafunzi wa darasa la nane takwimu za maambukizi ya VVU kwa umri. Wakaona kwa macho yao kwamba mwanamume mtu mzima ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko mvulana wa rika lao. Basi. Mchumi Pascaline Dupas alipochapisha matokeo mwaka 2011, mafunzo ya walimu hayakuwa yamepunguza mimba. Zile dakika 40 zilikuwa zimezipunguza kwa asilimia 28, na zilizopungua hasa ni zile za wanaume wakubwa.

Sisi tulikuwa na neno letu kwa wanaume hao. Matangazo ya redio ya miaka ile yalituachia "fataki", na Wakenya leo wana "sponsa". Neno tulikuwa nalo, kumbe kilichokosekana ni takwimu.

Ila usikimbilie kusema mgeni wa dakika 40 ameshinda. Iliyoshinda ni habari mahususi, ambayo kijana anaweza kuitumia jioni hiyohiyo. Ingesemwa na kungwi au ustadhi, naamini ingefanya kazi vilevile.

Upande wa pili wa ziwa tuna mradi wa MEMA kwa Vijana, mkoani Mwanza, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990. Hapo taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR), shirika la afya la AMREF na watafiti wa London walifundisha darasa la tano hadi la saba, wakafundisha na wahudumu wa afya kuwapokea vijana vizuri, katika jamii 10 zilizolinganishwa na nyingine 10. Ujuzi wa vijana ulipanda, na hata miaka mingi baadaye ulikuwa bado umebaki. Mimba na maambukizi havikushuka. Huu ni ukweli mchungu kwa watu kama mimi tunaopenda kufundisha. Binti anaweza kujua kila kitu na bado akapanda bodaboda ya yule jamaa, kwa sababu shule iko kilomita nane na chakula cha mchana hakuna.

Ndiyo maana matokeo mengine ya kulekule magharibi mwa Kenya yananigusa zaidi: wasichana waliopewa sare za bure walibaki shule kwa wingi zaidi, na mimba zikapungua, bila somo lolote la ngono. Na kwa wenye hofu ya upande mwingine, mapitio ya tafiti yaliyofanywa na UNESCO kwa ajili ya mwongozo wake wa mwaka 2018 hayakukuta kwamba elimu hii inawasukuma vijana kuanza mapema. Hofu hiyo tuiweke chini.

Kwa shule yako

Shule ya kutwa yenye wanafunzi waliopanga mageto, anza na fataki. Usianze na mirija. Mwalimu wa malezi, sanduku, nesi mara moja kwa mwezi, na mjumbe wa mtaa aambiwe vyumba hivyo viko wapi. Pesa ya wageni wa fulana, kama ipo, igeuzwe uji.

Shule ya bweni, nguvu zako ziko kwa matroni na patroni. Wafundishwe wao kwanza, na watoto wajue namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo ni ya bure, maana bwenini wakati mwingine wa kukimbiwa ni mtu mzima mwenye funguo.

Seminari au shule ya Kiislamu, usihangaike kupigana na uongozi. Ustadhi au padri ashike maadili na kubalehe, nesi ashike yale yanayomkwaza, na kila mmoja ajue mwenzake atasema nini ili wasipingane mbele ya watoto.

Shule ya msingi, darasa la tano na la sita: hapa mwite kungwi, wa umri na busara, pamoja na mwalimu wa kike, somo liwe hedhi, usafi na "mwili wako ni wako", hadithi za mume zibaki nyumbani kwake. Wavulana wapewe ustadhi au babu mmoja mstaarabu. Chanjo ya HPV kwa wasichana, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, nayo ipangwe siku hizo, maana wazazi wanakuwa wameshakusanyika.

Kokote uliko, wavulana waambiwe sheria bila kuzunguka. Ridhaa ya msichana chini ya miaka 18 haihesabiki, hivyo tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na miaka 30 jela tangu marekebisho ya 2016. Na wasichana waambiwe kwamba tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Nimekutana na wawili waliokaa nyumbani mwaka mzima kwa kutolijua hilo tu.

Bodi yetu ilichagua mwalimu wa malezi awe msingi, wengine waje kwa mwaliko. Kipindi cha kwanza tukafundisha habari za wanaume wakubwa, takwimu ubaoni, kwa Kiswahili. Ijumaa nilifungua boksi. Juu kabisa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa kama hirizi, mwandiko umepindwa: "Madamu, na mwalimu wa kujitolea je, naye anahesabika?"

Hiyo sikuisubirisha Jumatatu. Nilikwenda nayo nyumbani kwa mkuu wa shule jioni ileile.